Kura Moja ya Mwalimu Kokushubila

Fomu ilikuwa juu ya meza ya chakula, imewekewa kibakuli cha sukari isipeperushwe na feni. Gozbert alikuwa ameshakunywa vikombe viwili vya chai bila kuitaja. Aliijua fomu ile kwa sura. Katika miaka ishirini na saba ya uanachama aliwabebea wengine fomu kama ile mara nyingi, akawatafutia wadhamini, akawapangia viti vya mikutano, na baada ya mikutano akavirudisha viti alikoviazima. Balozi wa shina la chama, kama yeye, hakosi kazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuikumbuka.

"Mama Hope," alisema hatimaye, "hii ni ya nini?"

"Ya ubunge. Imeandikwa hapo juu."

"Naona imeandikwa. Nauliza ya nini humu ndani."

"Ya kujaza," alijibu Kokushubila, akammiminia kikombe cha tatu.

Nyumba yao ya Chanika ilikuwa kimya tangu Hope, binti yao wa pekee, alipoolewa Kipawa. Kokushubila alikuwa amestaafu ualimu mwaka uliopita, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha darasa la kwanza, na Gozbert alikuwa amejiandaa kwa mke anayestaafu, yaani bustani ya mchicha, kwaya, safari za Bukoba kila Krismasi. Hakujiandaa kwa fomu.

"Ungeanza na serikali ya mtaa," alisema. "Au udiwani. Mtu hupanda ngazi moja moja. Ubunge ni jambo la taifa zima. Kuna bajeti, kuna miswada, kuna kanuni za kusimama na kukaa. Una uzoefu gani, wewe?"

"Na huyu mheshimiwa tuliye naye, alipoingia alikuwa na uzoefu gani?"

"Alikuwa mfanyabiashara."

"Wa magodoro."

"Hata kama. Kadi yako ya chama ina miaka miwili na nusu, Mama Hope. Watu watasema huyu mgeni katoka wapi?"

"Si mnasemaga wenyewe, mgeni njoo mwenyeji apone?"

Gozbert alicheka kidogo, maana mkewe alikuwa hodari wa kumrudishia mtu methali. Kokushubila hakucheka. Alikaa, akaweka mikono mezani.

"Unamkumbuka Loveness, yule wa genge?" aliuliza. "Mwezi wa nne, mvua ile kubwa. Bajaji ilikwama pale kwenye mtaro, maji yamejaa, zahanati inaonekana kwa macho. Nilimzalisha mimi, humo humo ndani ya bajaji. Mtoto hakulia. Nilikaa naye mapajani mpaka mama yake alipopata nguvu ya kumtazama." Alifuta tone la chai lililodondoka karibu na fomu. "Tangu siku ile namngoja mwenye uzoefu aje ajenge kalavati la kupitisha yale maji. Hajaja. Ndiyo maana nimechukua fomu."

Gozbert alikuwa ameisikia habari ya Loveness kwa majirani, kwa mkewe hakuwahi. Aliona aibu, na aibu ile ikamgeukia hasira ndogo ambayo hakujua aiweke wapi.

"Utanisaidia?" Kokushubila aliuliza.

"Mimi ni mumeo," alisema Gozbert.

Ni jibu zuri hilo. Lina sura ya ndiyo, na aliyelitoa anaweza kulikana kesho yake. Kokushubila alimsogezea kalamu aandike mwenyewe pale palipotakiwa jina la mwenzi wa mwombaji. Gozbert aliandika kwa mkono wa kushoto kama kawaida yake, herufi zote zimelalia nyuma, mkia wa T umepinda. Alichapwa sana utotoni kwa mkono huo na haukubadilika.

"Ungekuwa darasani kwangu nisingekuchapa," mkewe alisema akiutazama mwandiko. "Naupenda. Hata ukiandika gizani nitaujua ni wako."

*

Jimbo lilikuwa na wajumbe mia tatu na kumi na wawili, na Gozbert alikuwa mmoja wao. Wajumbe ndio waliopiga kura za maoni za kumpata mgombea wa chama, na msimu wa kura za maoni mjumbe ni mtu mkubwa. Anaitwa "kiongozi" hata na mtu aliyekuwa akimpita barabarani kwa miaka minne bila salamu. Anaulizwa hali ya magoti yake. Waombaji mwaka ule walikuwa kumi na tisa, na kila jioni gari fulani lilikuwa limesimama mbele ya nyumba fulani.

Kokushubila hakuwa na gari wala bahasha. Alikuwa na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono na kuitoa fotokopi, yenye mambo matatu, kalavati, madawati na maji, akaenda nayo kwa miguu nyumba hadi nyumba. Walimkaribisha vizuri. Wengi alikuwa amewafundishia watoto. "Shikamoo Mwalimu, karibu Mwalimu, kaa Mwalimu." Walipokwisha kumsikiliza waliigeuza ile karatasi nyuma kuona kama kuna kitu kimebanwa, kisha wakamsindikiza hadi njiani kwa heshima zote.

Siku ya kwanza alimwomba mumewe waende wote.

"Haitaonekana vizuri," Gozbert alisema. "Mimi ni mjumbe. Watasema napendelea."

"Mke wako?"

"Ndiyo hapo hapo."

Kanuni ya namna hiyo haikuwepo popote. Mke wa mjumbe wa jirani alikuwa akizunguka na shemeji yake, ambaye naye aliomba, wamebeba mpaka ngoma. Lakini Kokushubila alikubali, akavaa viatu vyake vya kazi, akaenda peke yake. Alikwenda hivyo siku kumi na nane. Jioni aliloweka miguu kwenye beseni na kumsimulia alikopita, na Gozbert alisikiliza huku akiwa na redio sikioni, sauti imepunguzwa nusu.

Watu walimtania. Salumu, katibu wa tawi, mtu wa miaka arobaini na maneno mengi, alimkuta kwa kinyozi.

"Shikamoo mzee. Au sasa hivi tuseme mume wa Mheshimiwa?"

"Marahaba. Acha hizo."

"Siachi! Utakuwa unabeba pochi, mzee wangu. Bungeni kule wanaume wa wabunge wanakaaga jukwaa la wageni, wanapewa soda." Kinyozi na wateja wakacheka. "Ila ukweli tuseme, mzee, ishu ya mama ni ngumu. Mkono mtupu haulambwi. Na uzoefu hana. Sie tumekulia humu, yeye kaja juzi."

"Hilo nimemwambia," Gozbert alisema, akashangaa jinsi ilivyomfurahisha kulisema mbele ya watu.

Ukweli ni huu, na Gozbert hakuwahi kuusema hata kwenye maungamo. Miaka kumi na tano nyuma alikwenda ofisi ya wilaya kuchukua fomu ya udiwani. Alifika getini amevaa shati jipya. Akawaona waliotangulia, wanaume wenye simu mbili mbili wakicheka na mlinzi, akageuza. Alimwambia mkewe kwamba fomu zimekwisha. Na sasa mwanamke yule yule aliyemfuta vumbi la shati siku ile alikuwa amepita geti lile lile, akatoka na fomu kubwa zaidi, akaibana chini ya kibakuli cha sukari. Gozbert aliona wivu. Hapakuwa na jina jingine la kitu kile, ingawa yeye alikiita uzoefu.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa harusi, maana ndio uliokuwa na viti vya kutosha. Kulikuwa na harusi jana yake na vitambaa vilikuwa bado havijatolewa. Waombaji kumi na tisa walikalishwa jukwaani wanapokaa maharusi, na Kokushubila, aliyeitwa wa mwisho, akaangukia kiti cha pembeni kabisa chini ya upinde wa maua ya plastiki. Alivaa gauni lake la kitenge cha bluu. Gozbert alikaa safu ya nyuma karibu na mlango.

Kila mwombaji alipewa dakika tatu za kujieleza na swali moja. Mheshimiwa Ferdinand, mbunge aliyekuwa anatetea kiti, alitumia dakika zake kushukuru. Mwingine alilia. Mwingine aliimba. Ilipofika zamu ya Kokushubila saa ilikuwa imefika nane mchana na wajumbe walikuwa wakinusa pilau iliyokuwa nje.

Alieleza mambo yake matatu. Hakumtaja Loveness kwa jina, alisema tu "mama mmoja na mtoto wake." Ukumbi ulitulia. Kisha Salumu akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini huu ni ubunge, si daftari za watoto. Wewe ni mgeni kwenye siasa. Una uzoefu gani wa kutuwakilisha kitaifa?"

Makofi machache. Kokushubila alisubiri yaishe, kama alivyozoea kusubiri darasa.

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja," alisema. "Kila Januari nilipokea watoto sabini, themanini, wote wageni. Hakuna aliyekuja anajua kusoma. Na hakuna niliyemwambia arudi nyumbani akatafute uzoefu wa kusoma kwanza ndipo aje. Mnaniuliza nitaanzia wapi. Nitaanzia kwenye ule mtaro. Mheshimiwa wetu naye alikuwa mgeni siku moja, nasi tukampa miaka kumi na tano ya kujifunza. Simlaumu. Nauliza tu, amemaliza darasa la ngapi?"

Ukumbi ulilipuka. Watu walisimama, akina mama wakapiga vigelegele, hata Ferdinand mwenyewe alicheka akifuta jasho. Gozbert alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Kwa dakika ile moja alimwona mkewe kwa macho ya watu wengine, akaona kwamba alikuwa mkubwa kuliko nyumba yao, na alikuwa hivyo siku zote. Jambo hilo lingemfurahisha mume mwingine. Yeye lilimwogopesha.

Karatasi za kura zilikuwa tupu. Mjumbe aliandika mwenyewe jina la amtakaye, akaikunja, akaitumbukiza. Gozbert aliinama juu ya yake, mkono wa kulia ukiikinga. Akajiambia kura moja haiwezi kumwokoa wala kumzamisha. Akajiambia nchi haiendeshwi kwa makofi. Akajiambia hata asipompigia, kura ni siri, hakuna atakayejua. Mtu anayejiambia mambo matatu kwa mfululizo huwa ameshaamua la nne. Aliandika FERDINAND, akakunja mara mbili, akaenda kupanga foleni.

Hesabu ilifanyika kwenye meza iliyowekwa chini ya jukwaa. Ili waombaji wasije wakalalamika, msimamizi alifungua kila karatasi, akasoma jina kwa sauti, akaigeuza na kuipitisha mbele yao waione kwa macho. Ilichukua saa moja na nusu. Kule nyuma Gozbert aliona karatasi nyeupe zikipanda na kushuka, basi. Alimwona mkewe amekaa wima, mikono mapajani, akitazama kila moja.

Matokeo yalisomwa kutoka juu kwenda chini. Ferdinand, mia mbili na sita. Wa pili, hamsini na nne. Majina yakaendelea kushuka, tisa, saba, nne.

"Kokushubila, moja."

Kicheko kilianzia mbele kikasambaa. Hakikuwa cha ubaya sana, kilikuwa cha watu wenye njaa. Wale wale waliosimama na kupiga vigelegele walikuwa sasa wakipigana vikumbo kwa kucheka.

"Wajumbe bwana!" mtu alisema.

"Angalau mzee kampigia!" Salumu alipaza sauti. "Mzee Gozbert, hongera, ndoa imepona!"

Vichwa mia tatu vikageuka nyuma. Na Gozbert, ambaye angeweza kuinama afunge kamba ya kiatu, ambaye angeweza hata kukohoa, alitabasamu na kuinua mkono. Watu wakampigia makofi. Jukwaani, chini ya maua ya plastiki, Kokushubila alikuwa akimtazama. Safu tatu mbele ya Gozbert, Bi Mwanabaraka, mama mtu mzima anayesimamia bomba la maji la mtaa wao, naye alikuwa amegeuka. Yeye peke yake hakucheka wala hakupiga makofi.

*

Walirudi kwa bajaji, wakaupita ule mtaro.

"Asante, Baba Hope," Kokushubila alisema.

"Ya nini?"

"Ya ile moja."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Dereva alikuwa amewasha muziki, wasingesikika, na mkewe alikuwa ametazama nje asimwone uso. Gozbert alishika chuma cha bajaji.

"Mimi ni mumeo," alisema.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, Kokushubila alitoa kabatini kopo la senene, panzi wa kuliwa wa kwao, ambalo dada yake alimtumia kutoka Bukoba mwezi wa tano. Aliwakaanga kwa kitunguu na chumvi, akawaweka kwenye sahani nyeupe mbele ya mumewe. Hakuweka sahani ya pili. Kwao, tangu enzi za bibi zao, mwanamke humkaangia mumewe senene, na mume aliyekaangiwa hamwachi mkewe hivi hivi. Humnunulia nguo. Siku hizi vijana wanakula wote sahani moja wakitazama televisheni, lakini wao wawili walikuwa wameishika desturi hiyo kila mwaka. Nguo ya bluu ya jukwaani ilikuwa ya senene wa mwaka juzi.

"Kula," Kokushubila alisema, akakaa kumtazama.

Gozbert alikula. Senene walikuwa watamu. Alikunywa maji glasi tatu.

"Unafikiri mgeni pale ukumbini alikuwa nani?" mkewe aliuliza taratibu. "Mimi, au wao?"

"Sijakuelewa."

"Basi. Kula."

Jumatatu alimpigia pasi shati. Jumanne alimuuliza kama ana neno lolote moyoni, akasema hana. Simu ya Hope iliingia kutoka Kipawa, na Gozbert akasikia mkewe akisema, "Baba yako yupo, mzima. Ndiyo, alinipigia. Si ulisikia watu wanavyosema?" Alisimama koridoni na taulo begani, akajisikia mpweke kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake na ufunguo anao mfukoni. Kilichomtesa zaidi ni kutokujua. Mmoja kati ya wajumbe mia tatu na kumi na wawili alikuwa ameandika jina la mkewe, na yeye alikuwa anakula senene wa mtu huyo. Alimtazama kila mjumbe aliyekutana naye njiani, akijiuliza ni wewe? Ni wewe?

Jumatano asubuhi alikwenda sokoni. Alichagua kitenge kwa muda mrefu mpaka muuzaji akachoka naye, akachukua cha bei ya juu dukani, chenye rangi ya dhahabu na kijani kibichi. Alijiambia atakitoa na kusema yote pamoja. Hata sentensi ya kwanza alikuwa ameipanga.

*

Kokushubila alikuwa uani akichambua mchele. Gozbert alimwekea kile kitenge kwenye kigoda kilichokuwa pembeni yake.

"Cha senene," alisema. Sentensi aliyoipanga ilikuwa imempotea.

Mkewe alijifuta mikono, akakifungua kitenge nusu, akakipapasa. "Kizuri," alisema. "Umetumia hela nyingi." Kisha akakikunja tena kwa mikunjo yake ile ile ya dukani, pembe kwa pembe, akamrudishia.

"Mpelekee Bi Mwanabaraka."

"Nani?"

"Bi Mwanabaraka wa bomba. Nguo anastahili aliyenipigia kura."

Gozbert alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Kuku alipita katikati yao akidonoa punje zilizomwagika, na hakuna aliyemfukuza.

"Alikwambia?"

"Hajaniambia kitu. Nilimfundisha kisomo mimi mwenyewe, jioni, miaka miwili. Alikuja anatia dole gumba. Mpaka leo akiandika, mstari wake unapanda mlima. Ilipofika karatasi yake mbele yangu nusura nilie, maana jina langu ni refu na aliliandika lote." Aliuchukua ungo tena, akaupepeta kidogo. "Yako ilikuwa ya kumi na mbili."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumwambia mtoto kwamba hesabu hii umekosa.

"Herufi zimelala nyuma. Mkia wa F umepinda kama unavyopinda T zako. Nilikuwa nimeketi pale nikijiambia kumi na tisa tumeomba, wenzangu wote wanatoa bahasha, nitapata moja. Nilihesabu moja, Baba Hope. Ya Bi Mwanabaraka sikuitegemea hata. Nilitegemea yako tu."

"Mama Hope..."

"Kutokunipigia, hilo nakusamehe. Huenda kweli uliona sifai. Mtu ana haki ya kuona mkewe hafai, ndiyo maana kura ni siri. Ungenambia usoni, 'Koku, sikupigii,' tungegombana, tungelala mzungu wa nne, ingekwisha. Lakini uliinua mkono." Aliuweka ungo mapajani. "Uliinua mkono ukapigiwa makofi kwa kura ya bibi wa watu."

"Kwa nini ulinishukuru?" Gozbert aliuliza. Macho yalikuwa yamemjaa machozi naye hakuyafuta.

"Nilikuwa nakufungulia mlango uingie. Kwenye bajaji nilikufungulia. Jumapili nilikukaangia. Siku nne nimekaa nao wazi."

Aliinuka, akaegemeza ungo ukutani.

"Miaka mitano ijayo nitachukua fomu tena. Wataniuliza uzoefu. Nitawaambia sasa ninao, nimeupata ndani ya nyumba."

"Safari hiyo mimi—"

"Usiahidi." Hakusema kwa ukali. "Nenda, kabla bomba halijafungwa."

*

Saa kumi jioni bombani hapakosi watu. Ndoo zilikuwa zimepangwa foleni hadi kwenye genge la Loveness, na Loveness mwenyewe alikuwepo, ameshika dumu, haongei sana siku hizi. Bi Mwanabaraka alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na koki, kanga kiunoni, mkono mmoja kwenye maji.

"Shikamoo, Bi Mwanabaraka."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Aliitikia akimtazama sawasawa, na Gozbert akajua kwamba naye alijua, tangu pale ukumbini. Wanawake walishaona kitenge.

"Mzee, mbona zawadi ya Mwalimu unaipitisha huku?" mmoja alitania. "Au umekuja kuturingishia? Wanaume wa kupigia wake zao kura wamebaki wachache!"

"Kaka Salumu kasema ni wewe tu jimbo zima," mwingine akadakia, wakacheka.

Gozbert alikuwa amesema mbele ya watu mara nyingi, matangazo ya misiba, ya vikao, ya usafi wa mtaro. Hakuwahi kusema neno lake mwenyewe. Alikibana kitenge kifuani, akasubiri kicheko kiishe.

"Si cha Mwalimu," alisema. "Ni cha aliyempigia kura. Ni Bi Mwanabaraka. Mimi sikumpigia."

Loveness aliinua uso, akamtazama muda mrefu, kisha akatazama upande wa mtaro. Ndoo iliyokuwa kwenye koki ilijaa, ikafurika, maji yakaanza kutambaa miguuni mwa watu, na hakuna aliyefunga. Gozbert alinyoosha mikono yote miwili na kile kitenge.

Bi Mwanabaraka hakukipokea. Aligeuka, akafunga koki, akaisogeza ile ndoo, akaweka ya mwingine.

"Kiweke hapo juu ya ukuta," alisema. "Mie mikono yangu ina maji."

Alikiweka. Alibaki amesimama pembeni ya foleni, hana ndoo, hana anachokingoja, na wanawake wakaanza tena kuzungumza taratibu wao kwa wao, bei ya mkaa na mafua ya watoto, wakimpita kushoto na kulia.